Maji ya bwawa la majitaka yamegeuka zambarau: ni zabibu, damu, chumvi, au hatujui viwanda vinamwaga nini?

#1 Msafiri wa Ipagala
Wakuu, habari za Jumapili.

Kuna mabwawa ya majitaka hapa kanda ya kati napita pembeni yake nikienda shambani. Siyataji, maana sitaki mtu aonekane mkosaji kabla hatujajua kilichotokea. Siku zote bwawa la kwanza maji yake ni meusi, yanayofuata ni ya kijani. Mwezi huu wa Septemba bwawa la pili limegeuka zambarau iliyokolea, na kandokando ambako maji ni haba ni kama waridi. Harufu ni ya mayai viza. Jua likizama inaingia mpaka kwenye nyumba za watu, akina mama wanafunga madirisha na joto hili.

Bomba linaloleta maji pale linapita kwenye nyumba, hoteli, machinjio, karakana, wasindikaji wa zabibu na mashine za alizeti. Juu yake kuna magari ya kunyonya majitaka yanayokuja kumwaga.

Nina maswali mawili. Rangi hii inatoka wapi? Na nani anapanga kiwanda kimwage uchafu kiasi gani kwenye bomba la umma? Msimamo wangu nauweka wazi: kiwango hicho kipangwe hapahapa, kwa kupima bwawa letu linabeba nini. Kiwango kimoja cha nchi nzima hakiwezi kujua bwawa la Dodoma lina ukubwa gani.

Wataalamu karibuni.

#2 Area D Kwetu
Natia nanga hapa.

#3 Mama Nkuhungu
Zabibu hiyo, hakuna kingine. Agosti na Septemba ni mavuno ya pili, watu wanakamua usiku na mchana. Maganda na masimbi ya mapipa, yale mashapo yanayobaki chini, yanaoshwa na maji, maji yanakwenda wapi? Si chemba. Zabibu nyekundu ya Makutupora ikikudondokea kwenye kanga unaijua rangi yake.

#4 Dada Maabara
Mama Nkuhungu, shikamoo. Naelewa kwa nini umeiwaza zabibu, lakini rangi yake ina tabia inayoitambulisha. Kwenye tindikali ni nyekundu. Tindikali ikipungua inakuwa zambarau na buluu, ikiisha kabisa inageuka kijani na manjano halafu inakufa. Bwawa la majitaka lenye mwani, yaani vimea vidogo vya kijani, mchana pH yake (kipimo cha tindikali: chini ya 7 ni tindikali, juu ya 7 si tindikali) inaweza kupanda hadi 9, kwa sababu mwani unavuta kaboni dayoksaidi. Rangi ya zabibu haiwezi kukaa mwezi mzima kwenye maji ya namna hiyo.

Mleta uzi, fanya hivi. Chota maji kwenye chupa safi, vaa glavu tafadhali. Gawa glasi mbili. Moja kamulia limau. Ikielekea wekundu unaong'aa, Mama yuko sahihi. Isipobadilika, tutafute kwingine. Nyingine iache itulie usiku kucha uone kama rangi inazama chini.

#5 Fundi wa Chemba
Nafanya kazi ya kuzibua mabomba muda mrefu sasa. Mimi naiangalia machinjio kwanza. Damu ikishuka kwenye bomba inakuwa nyekundu siku hiyo, baadaye inakuwa nyeusi kabisa. Zambarau ya damu sijaiona, lakini harufu ya mayai viza aliyoitaja mleta uzi naijua, ni ya damu na kinyesi cha utumboni vikikaa bila hewa.

#6 Mtani wa Singida
Nyie mnahangaika na zabibu na damu, njooni Singida muone. Maji yenye chumvi yakikauka yanabadilika rangi. Ziwa Natron kule Arusha linakuwa jekundu kabisa kiangazi. Dodoma maji yenu ya visima yana chumvi mpaka chai inakuwa na ladha ya pili, na mvua ni milimita 500 na kitu kwa mwaka. Toka Mei mpaka Novemba ni jua tu. Maji yanapaa, chumvi inabaki. Hesabu ndogo hiyo.

#7 Area D Kwetu
Mtani chai yetu uiache. Hujaambiwa uje na sukari ya Singida.

#8 Mhandisi Mstaafu
Salaam wote. Nimejenga na kuendesha mabwawa ya namna hii kabla ya kustaafu, naomba niweke mchango mrefu kidogo.

Mtani wa Singida, viumbe wanaofanya Natron kuwa nyekundu wanahitaji magadi na chumvi nyingi kupindukia. Majitaka ya mji hayafiki huko hata kiangazi kiwe kikali vipi. Ila usiiache hoja yako yote, nitairudia.

Mabwawa hupangwa kwa mfuatano. La kwanza ni la kina kirefu, halina hewa, uchafu mzito unazama na kuoza. La pili juu lina mwani na hewa, chini halina. Ya mwisho ni mafupi kwa kina, jua linaua vijidudu vya maradhi. Mwani ndio unaotoa oksijeni, ndiyo maana bwawa zuri ni la kijani. Uchafu ukizidi nguvu ya bwawa la pili, oksijeni inaisha, mwani unakufa, gesi ya hidrojeni salfaidi inapanda. Hapo wanaingia bakteria wa zambarau wa salfa. Wanaishi kwa mwanga wa jua na gesi hiyohiyo ya mayai viza, na wakizaliana bwawa zima linakuwa zambarau au waridi.

Kwa hiyo mimi nasema bwawa limezidiwa mzigo. Nani kaleta mzigo, rangi haiwezi kukwambia. Zabibu inaweza, damu inaweza, magari ya majitaka yanaweza, hata nyumba mpya zilizounganishwa bila bwawa kupanuliwa. Na hapa ndipo narudi kwa Mtani: salfeti, chumvi yenye salfa, iliyomo kwenye maji ya visima ndiyo malighafi ya gesi hiyo. Maji yetu magumu yanasaidia tatizo lisimame.

#9 Zabibu Mvumi
Wakuu, mimi nasindika kidogo kidogo, mapipa yangu si ya kutisha. Kila kitu kibaya Dodoma kinatupiwa zabibu. Machinjio inafanya kazi siku 365, sisi tunakamua wiki chache. Hoteli zinamwaga mafuta kila usiku. Msifunge viwanda vidogo kwa sababu ya rangi ya bwawa ambayo hata aliyeiona hajaipima.

#10 Mwanasheria wa Kikuyu
Nijibu swali la pili la mleta uzi, naona limesahaulika.

Kuna milango mitatu, watu wanaichanganya. Ukimwaga majitaka kwenye mto, korongo, ziwa au ardhini unakutana na Kanuni za Viwango vya Ubora wa Maji za mwaka 2007, zilizotungwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Humo ndimo mnamoona BOD (oksijeni ambayo vijidudu hutumia kuozesha uchafu) isizidi miligramu 30 kwa lita, COD (oksijeni hiyo ikipimwa kwa kemikali) 60, chembe zinazoelea 100, madini ya risasi 0.1. NEMC, baraza la taifa la mazingira, ndio wanaosimamia. Pili, Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya 2009 inataka kibali cha kutiririsha kutoka bodi ya maji ya bonde. Jiji la Dodoma liko Bonde la Wami/Ruvu, maana maji yetu yanashuka Kinyasungwe mpaka Wami. Ukivuka kwenda Bahi uko Bonde la Kati, ofisi nyingine.

Mlango wa tatu ni bomba la majitaka la umma. Hili linakwenda na Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira Na. 5 ya 2019, na mwenye bomba ni mamlaka ya maji ya eneo. Huyo mwenye bomba ndiye anayepaswa kubanwa na mlango wa kwanza na wa pili pale maji yanapotoka kwenye bwawa lake la mwisho. Kwa hiyo ana haki na wajibu wa kukuuliza wewe kiwanda unaingiza nini.

#11 Nala Tuko
Mkuu #10 umeeleza vizuri. Sasa kwa nini tusirahisishe, kila kiwanda kiambiwe BOD 30 kabla ya kuingia kwenye bomba? Mambo yanaisha.

#12 Mhandisi Mstaafu
Nala Tuko, maji yakishafika BOD 30 hayana haja ya kupita kwenye bwawa. Utakuwa umemlazimisha kila msindikaji ajenge mtambo wake kamili, halafu bwawa la umma ambalo kodi zetu zimelijenga libaki na kazi nusu. Uchafu unaooza bwawa linaumudu, tena ndio chakula chake. Shida ni kiasi. Tofauti kabisa na risasi, zebaki au kromiamu: hizo haziozi, zinahama tu kutoka kwenye maji kwenda kwenye tope.

Niweke hesabu ya mfano, namba ni za kubuni ili njia ionekane. Bwawa limejengwa libebe kilo 1,600 za BOD kwa siku. Watu 30,000 wameunganishwa, kila mmoja analeta gramu 40 kwa siku. Hiyo ni kilo 1,200. Zimebaki 400. Weka akiba ya usalama asilimia 10 ya uwezo wote, yaani 160. Zinabaki kilo 240 za viwanda vyote kwa pamoja. Kama viwanda vyote vinaleta mita za ujazo 200 kwa siku, gawanya: miligramu 1,200 kwa lita. Hicho ndicho kiwango cha bomba hilo. Kesho vije viwanda vingine, maji yao yawe mita 400, kiwango kinashuka hadi 600 bila mtu kubadilisha sheria. Ni sahani moja ya ugali, watoto wanaongezeka.

Ndiyo maana namuunga mkono mleta uzi. Namba ya Dodoma haiwezi kuwa namba ya Tanga. Na namba ya Dodoma ya 2012, watu 410,956, haiwezi kuwa ya 2022, watu 765,179.

#13 Dada Maabara
Nakazia hapo. Zabibu Mvumi, usichukie, lakini maji ya kuoshea mapipa na mashine msimu wa kukamua yanaweza kuwa na BOD ya miligramu 6,000 kwa lita au zaidi, na pH ya 4. Chukua mita za ujazo 40 tu kwa siku kwa hesabu ya Mhandisi: ni kilo 240. Msindikaji mmoja wa kati amemaliza sahani nzima ya viwanda. Ni mzigo wa watu 6,000, kwa wiki chache hizohizo unazozitaja.

Fundi wa Chemba naye hajakosea. Damu BOD yake inafika miligramu 150,000 kwa lita. Ng'ombe mmoja akitoa lita 15 zikaingia zote kwenye bomba, ni zaidi ya kilo 2, sawa na watu 50 na kitu. Ndiyo sababu machinjio inayojali inakinga damu kwenye chombo chake pembeni kabla mtu hajafungua mpira wa maji.

#14 Zabibu Mvumi
Sawa, namba nimeziona. Basi nikiongeza maji safi kwenye yale ya kuoshea, miligramu zinashuka, tumemaliza?

#15 Dada Maabara
Hapana kaka. Miligramu zinashuka, kilo zinabaki zilezile. Bwawa linahesabu kilo. Wamarekani wamelikataza hilo waziwazi kwenye kanuni zao: huruhusiwi kuzimua ili ufikie kiwango, badala ya kusafisha. Na kwetu hapa, mtaa una mgao, mtu anasubiri maji siku kadhaa, halafu wewe unafungulia bomba la maji safi ya Mzakwe kuzimulia masimbi? Tafadhali sana.

Kinachowezekana kwa gharama ndogo: ondoa maganda na masimbi yakiwa makavu, usiyasukume kwa mpira. Yanafaa mbolea ukiyachanganya na samadi. Weka tangi la kukusanyia maji ya mchana na uyatoe polepole saa 24, yasiende yote saa moja jioni. Weka chokaa pH ipande kabla ya kuachia. Hatua hizi tatu zinapunguza kishindo kikubwa.

#16 Kijana wa Chamwino
Kwa kuwa Dada ametaja Marekani, niongeze. Sheria yao ya Maji Safi ni ya 1972, kanuni za usafishaji wa awali viwandani zilikuja 1978. Zina ngazi tatu. Kuna marufuku za jumla kwa kila mtu: maji yenye pH chini ya 5, vitu vinavyoweza kushika moto chini ya nyuzi 60, vitu vya kuziba bomba, joto linalofanya maji yanayofika mtamboni yazidi nyuzi 40. Kuna viwango vya nchi nzima kwa aina ya kiwanda, mfano wanaopaka chuma kromiamu. Halafu kuna viwango vya mji wenyewe, vinavyopigwa kwa hesabu kama ya Mhandisi #12, na mji ukishavipanga vina nguvu ileile ya sheria ya taifa. Mamlaka zenye mitambo inayopokea zaidi ya galoni milioni 5 kwa siku, karibu mita za ujazo 19,000, na zenye viwanda vinavyoweza kuharibu mtambo, lazima ziwe na mpango huo.

Hawakufika hapo kwa kupenda. Louisville, tarehe 13 Februari 1981, heksani, kimiminika cha kunyonyea mafuta kinachowaka upesi, kutoka kiwanda cha mafuta ya soya iliingia kwenye mabomba ya majitaka, mvuke ukawaka alfajiri. Zaidi ya kilomita 3 za barabara zikapasuka. Bahati hakuna aliyefariki. Nawaza mashine zetu za alizeti.

#17 Mtani wa Singida
Kijana, usiwatishe watu. Mashine zetu nyingi za alizeti zinakamua kwa nguvu, mbegu zinaingia, mafuta yanatoka huku na mashudu kule. Hakuna heksani. Heksani ni ya viwanda vikubwa vinavyonyonya mafuta yaliyobaki kwenye mashudu. Kwa mashine ndogo, shida ni mafuta yenyewe kuganda kwenye bomba, na wale wanaosafisha mafuta kwa kostiki soda, maji yao yana sabuni nzito.

#18 Kijana wa Chamwino
Sawa mtani, tofauti hiyo ni muhimu. Ila viwanda vikubwa vikija, marufuku ya vitu vya kuwaka iwe imeshaandikwa kwenye mkataba wa kuunganishwa, isisubiri tukio. Guadalajara, Meksiko, tarehe 22 Aprili 1992, zaidi ya watu 200 walikufa kwa petroli kwenye mabomba ya majitaka. Ile haikumwagwa na kiwanda, ilivuja kutoka bomba la mafuta, lakini bomba la majitaka halikuuliza imetoka wapi.

#19 Fundi wa Chemba
Ndugu zangu, mnapoongea gesi naomba mnisikilize mimi ninayeingia.

Gesi ya mayai viza ni nzito kuliko hewa, inakaa chini ya chemba. Ikiwa kidogo unaisikia. Ikiwa nyingi inaua pua kwanza, husikii kitu, unadhani pako salama. Mtu anashuka, anaanguka, mwenzake anaruka kumwokoa, naye anabaki huko. Usishuke kwenye chemba hata iwe ya futi sita bila kuifungua muda mrefu, bila kamba, bila mtu juu. Kijana yeyote anayepewa elfu ishirini aingie, akatae.

Na ile gesi inakula zege. Angalia chemba za zamani, sehemu ya chini iko nzima, sehemu ya juu ambako maji hayafiki imelika mpaka nondo zinaonekana. Bakteria kwenye ukuta wa juu wanaigeuza kuwa tindikali ya salfa. Wenye kumwaga vitu vyenye pH 4 wanamalizia kazi. Mimi ningepewa kupanga, ningeanza na pH kabla ya hizo BOD zenu.

#20 Msafiri wa Ipagala
Nimerudi na mrejesho. Nimefanya kama Dada alivyosema. Glasi ya limau: rangi haikugeuka nyekundu, ilipauka kidogo tu na harufu ikapanda ghafla mpaka nikaitoa nje. Glasi iliyotulia: asubuhi kuna utando wa zambarau chini, maji ya juu yana manjano hafifu.

Jambo lingine. Mlinzi wa pale ananiambia magari ya majitaka yameongezeka mwezi huu na mengine yanafika usiku.

#21 Dada Maabara
Safi sana. Basi rangi si ya zabibu iliyoyeyuka, ni chembe zilizotapakaa majini, inaelekea bakteria wa Mhandisi. Harufu kupanda ni kawaida, tindikali inaitoa gesi kwenye maji. Jaribio kama hilo lifanyike nje siku zote, ningelisema mapema. Darubini ndiyo itakayokata shauri.

#22 Binti Batiki
Samahanini, mbona hakuna aliyetaja rangi za vitambaa? Mimi natengeneza batiki. Kuna rangi zetu haziyeyuki vizuri, zinazama vilevile kama alivyoona Msafiri, na limau haizifanyi kitu. Na tunatumia haidrosalfaiti, nayo inakula oksijeni. Kama kuna mtu anatia rangi kwa wingi na kumwaga kwenye karo linalonyonywa na magari, inaweza kuwa hiyo.

#23 Mhandisi Mstaafu
Binti, hoja nzuri. Ila kuipaka rangi bwawa zima la maelfu ya mita za ujazo kwa mwezi kunahitaji rangi nyingi mno. Siifuti, naiweka chini ya orodha. Magari ya usiku nayapandisha juu. Tope la karo lililokaa miaka lina uchafu mara nyingi kuliko majitaka ya bomba, na gari moja linaweza kuwa limebeba chochote kutoka kiwandani. Wamarekani wanasema gari limwage mahali palipotengwa tu, na hapo ndipo unachukua sampuli kabla ya kufungua valvu.

#24 Mama Nkuhungu
Mimi bado nasema zabibu. Hao bakteria wanakula nini kama si zabibu?

#25 Zabibu Mvumi
Mama, na Aprili tulivuna pia, mbona bwawa halikugeuka?

#26 Mtani wa Singida
Kwa sababu Aprili mvua zilikuwa zimejaza bwawa. Nilisema kiangazi, mkanirudisha Natron.

#27 Nala Tuko
Swali la pesa. Mkiwabana wawekezaji kwa viwango vya kila mji, si watahamia mji wenye viwango vya chini? Dodoma imekuwa jiji 2018, tunajenga viwanda, vijana wanataka ajira.

#28 Mwanasheria wa Kikuyu
Nala Tuko, Waingereza wana njia nyingine. Wanakutoza kwa mzigo, kwa kanuni iliyopewa jina la mtambo wa Mogden huko magharibi mwa London. Unalipia wingi wa maji, COD na tope ulilonalo. Mwenye maji machafu analipa zaidi, akisafisha kabla bili inashuka. Anapiga hesabu mwenyewe kipi nafuu. Vitu vya sumu vinabaki na ukomo, hivyo havinunuliki. Kwetu bei za maji zinapitia EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji, kwa hiyo njia ya kuingiza tozo kama hiyo ipo.

Mimi binafsi inaniuma zaidi mwananchi anayefunga dirisha jioni. Yeye analipa bila bili.

#29 Mhandisi Mstaafu
Tozo bila vipimo ni ugomvi. Kila kiwanda kiwe na chemba ya sampuli nje ya ukuta, mkaguzi afungue bila kubisha hodi. Sampuli ya saa tano asubuhi peke yake haisemi kitu, wanaojua huachia usiku. Chukua ya saa 24, kidogo kidogo kila saa. BOD inataka siku 5 maabara, COD ni saa chache tu, pH ni papo hapo. Anzeni na mbili za mwisho.

#30 Binti Batiki
Na wanaomwagilia mchicha kwa maji ya mabwawa?

#31 Dada Maabara
Maji ya bwawa la mwisho lililokaa vizuri yanaweza kufaa mazao yanayopikwa. Bwawa likizidiwa, vijidudu na mayai ya minyoo vinapita. Wanaonisumbua zaidi ni wanaotengeneza betri na kumwaga tindikali yenye risasi kwenye chemba. Hiyo risasi inaishia kwenye tope, tope linaishia shambani, na mtoto ndiye anayeumia ubongo. Hapo sitaki mjadala wa kilo wala sahani, iwe marufuku na pawe na mahali pa kupeleka betri.

#32 Area D Kwetu
Msafiri, peleka chupa chuo chochote chenye darubini, hapa jijini vipo. Tunasubiri picha.

#33 Mama Ntilie wa Sabasaba
Nimesoma uzi wote. Mimi nina mgahawa, sinki langu limeunganishwa na bomba la majitaka na kila wiki linaziba. Mnaposema viwanda, na mimi nimo?

#34 Fundi wa Chemba
Umo dada, kwa mafuta. Futa sufuria kwa karatasi kabla ya kuosha, mafuta yaliyotumika weka kwenye dumu. Halafu jenga mtego wa mafuta nje ya jiko: kisanduku cha zege chenye ukuta katikati usiofika chini, mafuta yanaelea upande wa kwanza, maji yanapita chini. Ukubwa unategemea masinki uliyonayo. Usafishe mtego kila wiki, usingoje ujae. Niambie una masinki mangapi na bomba lako ni inchi ngapi.

#35 Mama Ntilie wa Sabasaba
Mawili. Bomba inchi nne.